Uzi: Kipi kinunuliwe kwanza, kitabu cha hifadhidata au cha programu za tovuti?

KaraniWaLeso aliandika:

Assalaam alaykum, ndugu na dada zangu.

Mimi ni karani katika duka la leso za jumla pale Barabara ya Biashara, Mombasa, na kwa miaka minne sasa hesabu zote za duka nimeziweka katika faili moja la Excel ambalo limenenepa hadi limenishinda. Kila leso ina jina lake, na jina moja hutoka kwa rangi tatu au nne. Wateja wetu wametawanyika kuanzia Lunga Lunga hadi Lamu, na wengi wao huchukua mzigo kwa deni, kisha hulipa kidogo kidogo kwa M-Pesa. Wiki iliyopita nilikuwa nikitafuta deni la mama mmoja wa Malindi, nikagundua kwamba nimemwandika kwa tahajia tatu tofauti, na kwamba malipo yake mawili yalikuwa yamepunguzwa kwenye deni la mtu mwingine. Mama wa watu amelipa, nami nampigia simu kumdai.

Tajiri wangu amekubali kunipa shilingi 8,000 ninunue vitabu, nijifunze hifadhidata, yaani namna ya kutunza kumbukumbu kwa mpangilio ndani ya kompyuta, na programu za tovuti, ili duka liwe na mfumo wake ambao yeye ataufungua kwenye simu akiwa nyumbani. Kwa muuza vitabu vya mitumba nimeona viwili. Cha kwanza ni kinene, kina kurasa zaidi ya 700, nacho kinaahidi kufundisha kwa pamoja MySQL, ambayo ni programu ya hifadhidata, na PHP, JavaScript na CSS za kutengenezea tovuti. Cha pili ni cha hifadhidata peke yake, ni chembamba, hakina picha hata moja, na umri wake ni mkubwa. Moyo unanivuta kwenye kile kinene. Je, nikinunue? Nina kompyuta ya zamani, bando la intaneti la kupimia, na saa mbili kila usiku baada ya sala ya Isha.


MkufunziTudor aliandika:

Waalaykum salaam, ndugu Karani.

Somo hili ndilo nilifundishalo, na jibu langu huenda lisikupendeze: kirudishe kile kinene mahali pake, ukichukue kile chembamba ukitazame vizuri.

Elimu hizi mbili hazizeeki kwa kasi moja. Msingi wa hifadhidata unayoihitaji uliwekwa mwaka 1970, wakati Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, Marekani, alipochapisha makala iliyopendekeza kwamba data zipangwe katika majedwali yanayohusiana, na kwamba anayeuliza aseme tu anataka kujua nini, bila kulazimika kujua data hizo zimelazwa wapi kwenye diski. Lugha ya SQL, ya kuiuliza na kuiamuru hifadhidata, ilizaliwa hapo hapo IBM miaka minne baadaye mikononi mwa Donald Chamberlin na Raymond Boyce, na mwaka 1986 ikawa kiwango rasmi nchini Marekani. Amri ya SELECT, ya kuulizia data, utakayoiandika usiku wako wa kwanza wangeitambua wao wenyewe. Ndiyo maana kitabu kizuri cha hifadhidata cha mwaka 2005 bado kina haki ya kukaa mezani pako.

Kitabu cha programu za tovuti ni samaki wa Liwatoni, hununuliwa siku ile ile aliyovuliwa. Chukua mfano wa PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, ambayo imo katika kile kitabu chako kinene. Vitabu vingi vya zamani hufundisha kuunganisha ukurasa na MySQL kwa amri zinazoanza na mysql_, kama mysql_connect na mysql_query. Amri hizo zilitangazwa kuwa za kuachwa katika PHP 5.5, mwaka 2013, na zikaondolewa kabisa katika PHP 7 mwishoni mwa mwaka 2015. Ukizinakili leo kutoka kitabuni herufi kwa herufi, kompyuta itajibu kwamba haizijui, nawe utadhani kosa ni lako. Nimewaona wanafunzi wenye akili nzuri wakipoteza wiki nzima wakitafuta nukta waliyoisahau, kumbe kitabu ndicho kilichopitwa na wakati.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Tatizo lako, ndugu yangu, halina uhusiano na tovuti. Ukilichukua faili hilo lilivyo na kulivisha kurasa nzuri zenye rangi, utabaki na makosa yale yale, ila sasa yatasomeka kwenye simu ya tajiri. Mama wa Malindi aliandikwa mara tatu kwa sababu faili lako humwandika upya kila anaponunua. Hifadhidata iliyopangwa vizuri humwandika mara moja tu, katika jedwali la wateja, ikampa namba yake. Mauzo yote na malipo yote huitaja namba hiyo, wala hayaandiki jina lake tena. Leso nayo ni hivyo hivyo: jina la leso huandikwa mara moja, na rangi zake hukaa katika jedwali lake zikiitaja leso ile. Kazi hii ya kuyagawa majedwali ili kila jambo likae mahali pamoja ndiyo huitwa usawazishaji (kwa Kiingereza normalization), na ndiyo moyo wa somo zima. Kile kitabu kinene, ukikifungua, pengine utakuta wamelitengea jambo hilo kurasa nne kati ya 700, baada ya kurasa hamsini za namna ya kubadilisha rangi ya kitufe.

Kwa hiyo kifungue kile chembamba utafute mambo haya: je, kina sura nzima ya usawazishaji, si aya? Je, kinaeleza ufunguo wa jedwali, yaani ile namba isiyojirudia ya kila mstari, na ufunguo unaorejea jedwali jingine? Je, kinafundisha kuunganisha majedwali kwa JOIN kwa mifano mingi, pamoja na mfano wa mteja ambaye hajanunua kitu? Na je, kinazungumzia muamala? Wakufunzi wa Kiingereza hutokwa jasho kulieleza jambo hili, ilhali wewe umelijua tangu dukani: ama mzigo umetoka na deni limeandikwa, ama hakuna kilichofanyika, umeme ukikatika katikati, nusu ya biashara haipaswi kubaki.

Ukipata uwezo wa kununua kipya, kitabu cha Learning SQL cha Alan Beaulieu, toleo la tatu la mwaka 2020, kinafaa sana kwa anayeanza, kwa kuwa kinatumia MySQL na mifano yake ni ya duka linalokodisha filamu, jambo ambalo haliko mbali na duka lako.


BintiKongowea aliandika:

Mwalimu, shikamoo. Kwa heshima zote, naomba nipingane nawe kidogo, kwa maana ushauri huu ulinigharimu miezi minane.

Mimi pia nilianza na kitabu cha hifadhidata tupu. Nilifika ukurasa wa sitini na kitu, nikiwa nimesoma habari za seti, uhusiano na utegemezi, lakini sijaona kitu chochote kikitokea kwenye kioo isipokuwa mistari ya maandishi meupe juu ya weusi. Nikakiweka chini. Kilichonirudisha ni kuandika fomu moja ya HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, nikaandika jina langu, nikabonyeza, na jina likaonekana kwenye kivinjari likiwa limetoka katika jedwali nililolitengeneza mwenyewe. Usiku ule sikulala. Baadaye nilitengeneza mfumo wa wauza vitunguu wawili wa sokoni Kongowea, na unafanya kazi hadi leo, baada ya kuuandika upya mara mbili.

Ndugu Karani ana saa mbili za usiku, baada ya kutwa nzima dukani. Mtu aliyechoka anahitaji kuona kitu. Ningemshauri asome sura moja ya hifadhidata, kisha atengeneze ukurasa mmoja mbovu wa kuionyesha, kisha arudi kitabuni.

Pamoja na hayo, nakubaliana na mwalimu kuhusu vitabu vinavyobeba mambo manne kwa mpigo. Vinagusa kila kitu na kukiacha. Na nina mizani yangu mwenyewe ya kupimia kitabu, niliyoipata kwa hasara. Mfumo wangu wa kwanza ulihifadhi namba za simu za wateja katika safu ya tarakimu, kwa sababu kitabu kilisema vitu vya namba viwekwe kwenye safu ya namba. Sifuri ya mwanzo ikaliwa katika kila namba: aliyekuwa 0722 akawa 722, na wale wa Tanzania walioandikwa kwa 255 wakaonekana kama viumbe wa aina nyingine. Namba ya simu si namba. Huijumlishi wala huigawanyi. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, na mahali pake ni safu ya maandishi.

Pesa nazo niliziweka katika safu ya aina ya FLOAT, kama mfano wa kitabu ulivyoonyesha, na baada ya mwezi jumla za mfumo zikawa zinapishana na daftari kwa senti, kisha kwa shilingi. Kompyuta huhifadhi aina hiyo ya namba kwa mfumo wa sifuri na moja, na humo sehemu moja ya kumi haiwezi kuandikwa kwa ukamilifu, kama vile sisi tusivyoweza kuimaliza theluthi kwa desimali. Pesa huwekwa katika DECIMAL, aina ya safu inayohifadhi desimali kama zilivyoandikwa. Kwa hiyo mimi nikishika kitabu chochote cha hifadhidata siku hizi, hutafuta kwanza mfano wenye bei. Nikikuta bei imewekwa FLOAT, nakirudisha, hata kama jalada lake linang'aa.


MkufunziTudor aliandika:

Marahaba, binti yangu. Hoja ya uchovu nimeipokea, kwa kuwa mimi hufundisha asubuhi, watu wakiwa wamepata mahamri na chai, nikasahau kwamba mwenzetu atasoma usiku. Asome vyote viwili kwa zamu, ila kitabu cha kulipia kibaki kuwa cha hifadhidata.

Kuhusu ule mwanzo mkavu, kuna njia ya kuupunguza ukavu. Aanze na SQLite, hifadhidata ndogo. Programu hii iliandikwa na Richard Hipp, ikatoka mwaka 2000, na ni mali ya umma, haina leseni ya kununua. Haihitaji seva wala nywila. Hifadhidata nzima ni faili moja ambalo unaweza kulinakili kwenye flashi ukaenda nalo nyumbani. Simu ya Android unayosomea uzi huu inayo SQLite ndani yake tayari. Kwa kompyuta ya zamani na umeme wetu huu, sioni pa kuanzia palipo bora.

Ina tabia mbili za kuziangalia. Haisimamii funguo zinazorejea jedwali jingine mpaka uiamrishe kwa PRAGMA foreign_keys = ON kila unapoifungua, na katika jedwali la kawaida, ukiweka neno mahali pa namba, hulipokea bila kunung'unika. Akishaelewa majedwali yake, ahamie PostgreSQL au MariaDB, hifadhidata kubwa zenye seva. SQL yake nyingi atahama nayo.


MzeeWaMitumba aliandika:

Nimeuza vitabu vilivyotumika hapa mjini tangu siku za kamusi na Biblia za mkono wa pili, na vya kompyuta ndivyo vinavyonitia aibu zaidi, kwa sababu mnunuzi huvitazama jalada tu. Nitasema machache ya upande wetu wa meza.

Usiulize kitabu kimechapwa lini, uliza toleo ni la lini. Fungua nyuma ya ukurasa wa jina, pale penye maandishi madogo ya mchapishaji. Utakuta pameandikwa, kwa mfano, kwamba toleo la pili ni la 2009, na kwamba chapa hii ni ya 2016. Maana yake ni kwamba maneno yaliyomo ni ya 2009; mwaka 2016 waliongeza karatasi tu. Muuzaji mjanja atakuonyesha tarehe ya pili.

Kitabu chenye mfuko wa CD nyuma kiogope. Hata kama CD ipo, kompyuta nyingi za leo hazina pa kuitia, na programu zilizomo ndani yake ni za kale kuliko kitabu.

Tatu ni hizi nakala za fotokopi zenye jalada la plastiki. Najua bei yake inavutia, na suala la haki ya mwandishi nawaachia wenyewe. Lakini mteja wangu mmoja alirudi akilalamika kwamba kila anachokiandika kinakataliwa, na tulipokitazama kitabu tukaona kwamba mashine ya fotokopi ilikuwa imezifanya alama zote za nukuu zifanane. Kwenye riwaya hilo si kitu. Kwenye MySQL, alama ile iliyolala ya kuzungushia jina la jedwali na ile iliyosimama ya kuzungushia neno ni mbingu na ardhi.


KaraniWaLeso aliandika:

Nawashukuru nyote. Leo baada ya adhuhuri nilirudi kwa muuza vitabu nikiwa na karatasi yenye mambo mliyoyataja, nikasimama pale karibu saa nzima. Mwenye meza alinivumilia.

Kile kinene: toleo ni la 2010, chapa ni ya 2014. mysql_connect imo katika sura ya kumi na kuendelea, na sikuhesabu mara ngapi. Kurasa zipatazo arubaini ni picha za namna ya kuweka programu kwenye Windows XP. Katika sura ya kuingiza watumiaji, nywila inahifadhiwa kwa kitu kinachoitwa md5, na amri ya kumtafuta mtumiaji imeunganishwa moja kwa moja na kile alichokiandika kwenye fomu, kwa nukta. Sikujua kama hilo ni zuri au baya, nikalinakili.

Kile chembamba: toleo la 2003. Sura ya nne hadi ya sita zote ni za kupanga majedwali. Bei katika mifano ni DECIMAL. Muamala una sura yake, na mfano wake ni wa mtu anayehamisha pesa kutoka akaunti moja hadi nyingine. Nimekinunua kwa shilingi 600.

Zimebaki 7,400. Je, nitafute sasa kitabu kipya cha tovuti? Na lile la nukta ni kosa?


MkufunziTudor aliandika:

Ni kosa, na ni kosa kubwa kuliko yote uliyoyaorodhesha. Nukta katika PHP huunganisha vipande vya maandishi. Hilo la mysql_connect hujifichua lenyewe, kwa kuwa programu haitafanya kazi. Hili la nukta hufanya kazi vizuri sana, na hapo ndipo hatari ilipo.

Fikiria umemwekea mteja kisanduku cha kuandika jina lake, na programu yako inachukua alichoandika na kukiunga katikati ya amri ya SQL. Mtu mwema ataandika jina. Mtu mwingine ataandika alama ya nukuu, kisha kipande cha amri yake mwenyewe, na hifadhidata, ambayo haina njia ya kujua wapi maneno yako yameishia na wapi ya mgeni yameanzia, itayatekeleza yote. Anaweza kuingia bila nywila, kusoma madeni ya watu wote, au kulifuta jedwali zima. Hila hii imejulikana hadharani tangu mwaka 1998, na bado kuna vitabu vilivyoandikwa muda mrefu baada ya hapo vinavyoifungulia mlango. Dawa yake ni kuitayarisha amri kwanza, ukiacha nafasi tupu, kisha kuipelekea hifadhidata maneno ya mgeni peke yake, kama data tu. Katika PHP hufanywa kwa PDO au mysqli, zana zake mbili za kuzungumza na hifadhidata. Nywila nazo hazihifadhiwi kwa md5, njia ya zamani ya kuigeuza nywila isisomeke, ambayo hukokotolewa kwa kasi mno hata mwizi anaweza kujaribu nywila bila hesabu kwa muda mfupi. Tangu PHP 5.5 ipo amri ya password_hash ya kazi hiyo, nayo hufanya kazi polepole kwa makusudi.

Kitabu cha tovuti usikinunue, angalau si mwaka huu. Huko ndiko kwenye maandishi mazuri ya bure. Mwongozo rasmi wa PHP unapakuliwa wote ukausoma bila bando. Kwa HTML, CSS na JavaScript, kurasa za MDN, mwongozo wa bure wa mtandaoni wa Mozilla, husasishwa daima. Eloquent JavaScript cha Marijn Haverbeke kinasomeka bure kwenye tovuti ya mwandishi mwenyewe, ingawa nakuonya kwamba kinapanda mlima mapema. Mwongozo wa PostgreSQL hutolewa kama faili la PDF lenye kurasa zaidi ya elfu mbili. Usishtuke, sehemu ya kwanza ni mafunzo mafupi kwa anayeanza, na sehemu iliyobaki ni ya kurejea. Nenda mahali penye Wi-Fi, pakua vyote siku moja.

Ukikutana na mafunzo yoyote ya tovuti, yapime kwa haraka: yakitumia alama za HTML za font na center, au yakipanga ukurasa mzima kwa jedwali la HTML, ni ya zamani, na JavaScript yake ikiwa haina let wala const, maneno ya kutangazia majina ya thamani, iliandikwa kabla ya mabadiliko ya mwaka 2015, au na mtu asiyeyajua.


MsimamiziWaSeva aliandika:

Mwalimu amesema vizuri, lakini ile kauli ya kwamba kitabu cha zamani cha hifadhidata bado kinafaa sikubaliani nayo kikamilifu. Nadharia ya Codd haizeeki; programu inayoitekeleza huzeeka kama nyingine. Mwenzetu ana kitabu cha 2003, basi na ajue mahali kitakapomkwamisha.

Enzi hizo jedwali la MySQL, usipotaja vingine, lilikuwa la aina ya MyISAM, ambayo haikusimamia funguo zinazorejea majedwali mengine wala haikujua muamala. InnoDB, aina inayoyajua yote mawili, ndiyo imekuwa chaguo la kawaida tangu MySQL 5.5, mwaka 2010. Sharti la CHECK, lile linalokataa, kwa mfano, malipo yaliyo chini ya sifuri, MySQL ililipokea kwa heshima na kulipuuza kwa miaka mingi. Lilianza kutekelezwa katika 8.0.16, mwaka 2019. Na mpangilio wa herufi uitwao utf8 katika MySQL haukutosha kuhifadhi herufi zote. Utf8mb4 ndiyo sahihi. Sisi watu wa pwani tutaona Kiswahili na hata maandishi ya Kiarabu vikikaa vizuri, mpaka mteja atie kikaragosi cha uso unaocheka mwishoni mwa jina la duka lake, na mambo yakatae.

Pia akiweka XAMPP, kifurushi cha programu za kujaribia tovuti kwenye kompyuta yako mwenyewe, ajue kwamba siku hizi huja na MariaDB ingawa vifungo vyake vimeandikwa MySQL. MariaDB ilitengwa kutoka MySQL mwaka 2009 na Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi wa MySQL yenyewe, aliyeipa kila moja jina la binti yake. Kwa mwanafunzi zinafanana. Kwa mambo ya ndani zimeanza kuachana.

Jambo la mwisho halimo katika kitabu chochote kati ya hivyo. Mfumo wake utabeba majina, simu na madeni ya watu, nasi Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ajiulize, kabla ya kuongeza safu ya namba ya kitambulisho, kama duka linaihitaji kwa kazi gani.


MkufunziTudor aliandika:

Nimesahihishwa, na nashukuru. Niseme basi hivi: kitabu cha zamani kimfundishe kupanga na kuuliza, na mwongozo wa toleo analolitumia umwambie lipi linatekelezwa.


KaraniWaLeso aliandika:

Wiki tatu zimepita. Nimefika sura ya saba, na nimetengeneza kurasa mbili mbovu, kama alivyosema dada wa Kongowea. Naomba mnitazamie majedwali kabla sijaenda mbele.

Jedwali la wateja lina namba ya mteja, jina, mji na simu, na simu ni maandishi. Jedwali la leso lina namba na jina lililochapwa juu yake. Jedwali la rangi linarejea leso, nalo lina bei ya jozi. Jedwali la mauzo linamrejea mteja na lina tarehe. Jedwali la vitu vilivyouzwa linarejea mauzo na rangi, na lina idadi ya jozi. Jedwali la malipo linamrejea mteja, lina kiasi, tarehe, na ile namba ya muamala ya M-Pesa, ambayo nimeikataza isijirudie, ili nisiandike malipo yale yale mara mbili. Jumla ya deni siiandiki popote. Naihesabu kwa kuzidisha idadi na bei, kisha kutoa malipo.


BintiKongowea aliandika:

Namba ya M-Pesa isiyojirudia umenizidi. Mimi niliifikiria baada ya mwaka. Lakini bei, ndugu yangu, ikipanda mwezi ujao?


KaraniWaLeso aliandika:

Nitaibadilisha katika jedwali la rangi. Imeandikwa mahali pamoja tu, kama mwalimu alivyofundisha.


BintiKongowea aliandika:

Na yule aliyenunua mwezi uliopita kwa bei ya zamani, deni lake litakuwaje ukiihesabu jumla kesho yake?


MkufunziTudor aliandika:

Nilikuwa naisubiri, na nafurahi kwamba ameiona yeye kabla yangu. Ndugu Karani, bei ya leso leo na bei aliyouziwa mama wa Malindi siku ile ni mambo mawili, hata kama kwa sasa yana tarakimu moja. La kwanza linabadilika, la pili halibadiliki kamwe. Weka safu ya bei katika jedwali la vitu vilivyouzwa, uinakili humo siku ya mauzo. Hujarudia jambo, ulikuwa umeacha kuandika jambo la pili. Ukirudi katika sura yako ya tano, usome upya ule mfano wa ankara. Naamini mara ya kwanza uliupita haraka.


KaraniWaLeso aliandika:

Niliupita haraka kweli. Ni ukurasa wa 94, na mwandishi ameeleza jambo hilo hilo kwa mfano wa misumari.

Safu nimeiongeza jana usiku, kisha nikaingiza mauzo na malipo yote ya mama wa Malindi kutoka kwenye daftari la karbon, si kutoka Excel. Ana mstari mmoja sasa. Faili la zamani lilikuwa likimdai shilingi 4,200. Anachodaiwa ni 1,350. Nimempigia simu asubuhi hii kumwomba radhi, naye ameuliza kama zile leso nyekundu zimefika.